Tandiko la Dresaji Lisilo na Kiunzi kwa Farasi Mwenye Mgongo Mwepesi wa Kuumia

Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu nimejaribu matandiko matatu ya dresaji (mchezo wa kumwongoza farasi katika miondoko iliyopangwa) yasiyo na kiunzi juu ya mgongo wa farasi mmoja jike asiyejua kuficha maumivu yake. Tathmini hii naiandika kwa ajili ya mtu anayesimama leo pale niliposimama mimi wakati ule: ana farasi anayelaza masikio kila anapoona tandiko likiletwa, ameambiwa kwamba tandiko lisilo na kiunzi ni laini na kwa hiyo haliwezi kumuumiza mnyama, na anataka kujua kama maneno hayo yana ukweli. Ukweli upo, lakini si wote, na sehemu iliyopungua ndiyo inayomwangukia farasi.

Kiunzi ni kama mifupa ya ndani ya tandiko. Hutengenezwa kwa mbao za matabaka yaliyogundishwa, mara nyingi yakiimarishwa kwa vyuma, au kwa plastiki ngumu, au kwa nyuzi za kaboni, na kazi zake ni mbili: kuuinua uzito wa mpandaji usikae juu ya uti wa mgongo wenyewe, na kuutandaza uzito huo juu ya misuli mirefu iliyo kando ya uti, kuanzia nyuma ya mabega hadi usawa wa ubavu wa mwisho. Kiunzi kinachomfaa farasi hufanya kazi hizo vizuri kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Udhaifu wake ni kwamba umbo lake limekwisha kuamuliwa kiwandani, ilhali mgongo wa farasi hunenepa na kukonda kwa msimu, hujaa misuli kwa mazoezi, hulegea kwa umri, na juu ya yote husogea katika kila hatua. Kombe la bega huteleza kuelekea nyuma kila mguu wa mbele unaponyooshwa, na kiunzi chembamba hulibana papo hapo. Kiunzi kisichofuata mteremko wa mgongo nacho hugusa mbele na nyuma tu, kikaacha uwazi katikati kama daraja, na uzito wote ukaishia kwenye pembe nne.

Ndivyo lilivyokuwa tandiko langu la zamani. Farasi wangu ana mgongo mfupi, mabega mapana, na bega la kushoto limejaa kuliko la kulia, jambo ambalo ni la kawaida kwa farasi wengi lakini kwake limezidi kidogo. Nyuma ya mabega palikuwa pameanza kubonyea pande zote mbili, ishara ya misuli iliyokonda kwa kubanwa. Alikuwa akitaka kuuma mkanda wa tumbo ulipokazwa, akiudidimiza mgongo nilipopanda, na katika troti, ule mwendo wa mchapuko, aliinua kichwa na kukaza shingo hata nikaacha kabisa kumwomba kazi ya kukusanya mwili, yaani kubeba uzito zaidi kwa miguu ya nyuma. Kwa muda mrefu niliamini kwamba ni ukaidi, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kabla ya kununua chochote nilimwita daktari wa mifugo, na hatua hiyo nataka kuisisitiza, kwa sababu mtu aliyechoka kumwona farasi wake akiteseka huvutwa sana kununua kwanza na kuchunguza baadaye. Dalili zile zile nilizozitaja zinaweza kutokana na ncha za pingili za mgongo zinazogusana, vidonda vya tumbo, meno, au kilema cha mguu kisichoonekana kwa macho, na hakuna tandiko lolote, lenye kiunzi au lisilo nacho, linaloweza kutibu hata moja kati ya hayo. Kipimo kilichonisaidia kupanga mawazo ni orodha ya tabia 24 za farasi anayepandwa, ambayo daktari wa mifugo Mwingereza Sue Dyson na wenzake waliichapisha mwaka 2018. Farasi anayeonyesha tabia 8 au zaidi kati ya hizo ana uwezekano mkubwa wa kuwa na maumivu ya misuli, viungo au mifupa. Nilimwomba rafiki anichukue video ya dakika kumi nikiwa juu ya tandiko la zamani, nikahesabu tabia 9. Picha za eksirei hazikuonyesha kasoro kwenye pingili, tumbo lilikuwa salama, na daktari alipopitisha vidole nyuma ya mabega farasi alijikunyata na kusogea pembeni. Hapo ndipo lawama ilipoliangukia tandiko.

Jina la tandiko lisilo na kiunzi hufunika vitu ambavyo havifanani hata kidogo. Kuna yale ambayo kwa kweli ni mto mnene wa ngozi na sponji, usio na kitu chochote kigumu ndani yake. Kuna yenye upinde mgumu au wa kunyumbulika kwenye kichwa cha mbele peke yake, na upinde huo mara nyingine hubadilishwa kwa upana. Kuna ambayo kiti kimetengwa na msingi na kushikizwa kwa velkro, ili mpandaji akisogeze mbele au nyuma, kama yanavyofanywa ya Freeform. Na kuna yenye mito miwili chini yake na mfereji katikati wa kuepusha pingili, muundo ambao Barefoot ya Ujerumani imeufanya kuwa sehemu ya mfumo wake. Matandiko ya kampuni hizo mbili sikuyajaribu, kwa hiyo siyahukumu hapa. Matatu niliyoyapanda nitayaeleza kwa muundo bila majina, maana muundo ndio uliofanya kazi au kuishindwa.

Tandiko la kwanza lilikuwa la jamii ya mto. Nilipolipokea nililikunja kwa mikono miwili kama mkeka, na nikafurahi kwa sababu niliona ulaini huo ni huruma. Siku za mwanzo zilinipa haki. Farasi alitembea kwa hatua ndefu kuliko nilivyowahi kuona, akashusha shingo mwenyewe, akapumua kwa puani ile pumzi ya kujiachia ambayo kila mpandaji wa dresaji huitafuta. Niliandika kwenye daftari langu kwamba safari ya kutafuta imekwisha. Katika wiki ya tatu, nilipokuwa nikimsugua baada ya mazoezi, nilibonyeza mahali ambapo kanda za vikuku vya kukanyagia huning'inia, karibu kiganja kimoja nyuma ya mabega, na misuli ikaruka chini ya vidole vyangu. Siku iliyofuata ikaruka tena. Nilipolifungua tandiko nikaona sababu: kanda za vikuku zilikuwa zimeshonwa kwenye utepe mmoja uliopita juu ya mgongo kutoka upande huu hadi ule, na chini ya utepe huo hapakuwa na kitu isipokuwa sponji. Kila nilipoinuka katika troti, uzito wangu uliokuwa ukishukia vikuku ulivutwa na utepe huo mwembamba na kuishia mahali pamoja.

Laiti ningesoma kabla ya kununua. Mwaka 2012 kikundi cha watafiti, akiwemo Hilary Clayton wa Chuo Kikuu cha Michigan State nchini Marekani, kilichapisha matokeo ya kupima shinikizo chini ya tandiko la kawaida na tandiko lisilo na kiunzi kwa farasi 8 katika troti ya kukaa, yaani mpandaji akibaki kitini bila kuinuka. Tandiko lenye kiunzi liliutandaza uzito juu ya eneo kubwa zaidi, na wastani wa shinikizo pamoja na kilele chake ulikuwa mdogo kuliko chini ya lile lisilo na kiunzi. Sehemu zilizovuka kilopaskali 11 (kipimo cha shinikizo), kiwango kinachohusishwa na maumivu ya mgongo, zilikuwa chache pia. Matokeo hayo ni ya matandiko yaliyopimwa, hayahukumu kila tandiko la aina hii duniani, lakini yanaeleza vizuri kile nilichokihisi kwa vidole: ulaini na kuutandaza uzito ni vitu viwili tofauti. Kitu laini hufuata umbo la kinachokikandamiza. Ukikaa juu ya sponji, mifupa ya makalio yako huchimba njia yake kuelekea kwa farasi, na katika troti ya kukaa nguvu inayoshuka kwenye mgongo hufikia takribani mara mbili ya uzito wa mpandaji.

Tandiko la pili lilikuwa na upinde wa kunyumbulika mbele na sehemu ya nyuma iliyojazwa vizuri kuliko la kwanza, na vikuku vyake vilitundikwa kwenye bamba pana lililoshonwa ndani, si kwenye utepe. Mgongo wa farasi haukulalamika. Niliyelalamika ni mimi. Tandiko lisilo na kiunzi halina ule wembamba wa kiunoni ambao kiunzi huupa kiti, kwa hiyo mapaja hutenganishwa na upana wote wa farasi ukijumlisha unene wa pedi inayowekwa chini ya tandiko, na kwa mpandaji mwenye nyonga nyembamba, kama mimi, juu ya farasi mpana, kama wangu, matokeo yake ni kwamba paja haliwezi kushuka. Goti lilipanda mbele, kisigino kikapanda nalo, nikawa ninakaa kama mtu aliye kwenye kiti cha sebuleni. Katika dresaji kasoro hiyo haihusu sura tu, kwa sababu mpandaji asiyeweza kuuning'iniza mguu wake huishikilia mizani ya mwili wake kwa magoti au kwa hatamu, na farasi mwepesi wa kuhisi huvisikia vyote viwili papo hapo. Baada ya dakika ishirini nyonga ziliwaka moto.

Kulikuwa na tatizo jingine lililonishangaza zaidi. Tandiko lilizunguka. Mgongo wa duara usio na mwinuko wa mabega (ile nundu ya pale shingo inapokutana na mgongo) wa kutosha hauna kitu cha kulizuia tandiko lisilo na kiunzi lisiende upande, na njia ambayo wengi huitumia ni kuukaza mkanda wa tumbo. Nikajikuta ninamkaza farasi ambaye kilio chake cha kwanza kilikuwa ni mkanda. Nilijaribu kupandia kwenye jukwaa refu, nikamwomba msaidizi akishikilie kikuku cha upande wa pili, na hayo yalipunguza mzunguko wakati wa kupanda, lakini kwenye duara dogo la kulia tandiko lilisogea taratibu kuelekea lile bega lililojaa la kushoto. Nililirudisha ndani ya muda wa majaribio. Usinunue tandiko la aina hii bila muda wa majaribio wa wiki kadhaa, kwa sababu kama nilivyoeleza, siku za kwanza zitakusifia tandiko lolote ambalo si lile lililomuumiza farasi.

La tatu ndilo ninalolitumia hadi sasa. Ukilishika mkononi halivutii, kwa sababu ni gumu kuliko mengine mawili na zito zaidi, na muuzaji mmoja aliniambia waziwazi kwamba wanaopenda ulaini hulirudisha. Chini yake lina mito miwili mirefu iliyojazwa imara, na kati yake mfereji ambao upana wake ni vidole vinne vyangu tangu mbele hadi nyuma. Upinde wa mbele hubadilishwa. Vikuku vimetundikwa kwenye bamba linaloenea juu ya mito yote miwili, ili uzito wa miguu ushukie misuli na kuuacha uti. Mkanda wa tumbo hufungwa kwa kanda ndefu zinazoanzia sehemu mbili, mbele na nyuma, na kukutana chini, jambo lililolituliza tandiko bila kunilazimisha kukaza. Mashavu yake, yaani ngozi za kando zinazokaa chini ya miguu ya mpandaji, ni marefu na yamenyooka kama inavyotakiwa katika dresaji, na vizuizi vya paja hushikizwa kwa velkro, hivyo niliweza kuvishusha hadi goti langu likapata mahali pake. Kiti bado ni kipana kuliko cha tandiko lenye kiunzi, ila kimechongwa kidogo katikati, na kidogo hicho kimetosha.

Mtu anaweza kuuliza kama kitu chenye upinde, bamba na mito imara bado kinastahili kuitwa tandiko lisilo na kiunzi. Swali ni la haki, na kwa maoni yangu watengenezaji walio bora wamekwisha kulijibu kwa vitendo: wameondoa reli ngumu za kiunzi zinazokwenda kwa urefu wa mgongo, wakaacha au wakarudisha zile sehemu zinazoulinda uti na kuutandaza uzito wa vikuku. Farasi wangu amefaidika kwa kuondolewa kile kilichombana mabega, na amefaidika vilevile kwa kubakizwa kile kilichoulinda uti wake.

Pedi inastahili kuzungumzwa kwa urefu, maana kwa matandiko haya ni nusu ya tandiko lenyewe, na wengi huinunua kama kitu cha ziada. Kitambaa chembamba cha pamba kinachotosha chini ya tandiko lenye kiunzi hakitoshi hapa. Inahitajika pedi yenye mifuko pande mbili, ndani yake vipande vya sponji ngumu ya seli zilizozibwa au vya felti nene, na katikati mshono ulioachwa mtupu juu ya uti. Nilijaribu pedi ya jeli kwa wiki mbili nikaiacha: ilihifadhi joto, ilikuwa nzito, na ilitambaa kuelekea kando ilipokandamizwa. Vipande vya felti vilinifaa zaidi, hasa kwa sababu vinaweza kukatwa. Upande wa kulia, ambako bega limepungua, nimeongeza tabaka moja jembamba sehemu ya mbele tu, na tandiko likaacha kwenda kushoto. Tabaka hilo nalikagua kila baada ya wiki sita, kwa kuwa misuli imeanza kurudi na nimekwisha kulipunguza mara moja. Ngozi ya kondoo yenye manyoya chini ya pedi ni nzuri kwa ngozi ya farasi na kwa jasho, lakini haifanyi kazi ya vipande vya ndani na isidhaniwe kuwa inaifanya.

Namna ya kukagua ni jambo jingine ambalo hutofautiana na tulivyozoea. Tandiko lenye kiunzi unaweza kulitazama likiwa tupu juu ya farasi ukapata picha fulani ya jinsi linavyokaa. Lisilo na kiunzi likiwa tupu huonekana zuri juu ya kila mgongo. Lazima mtu apande. Ninachofanya ni kumwomba msaidizi aingize kiganja kutoka mbele, kati ya pedi na mwinuko wa mabega, kisha kutoka nyuma, nami nisimame juu ya vikuku kwa uzito wangu wote; kama vidole vyake vinabanwa juu ya uti, mazungumzo yameishia hapo. Baada ya kazi ya nusu saa natazama jasho: doa kavu lenye ukubwa wa sarafu katikati ya eneo lililolowa ni dalili mbaya, hasa likitokea mahali pale pale siku mbili, na mfereji wa katikati unapaswa kubaki mkavu au karibu na ukavu. Kesho yake asubuhi, kabla ya kumgusa kwa brashi, napitisha vidole kwa shinikizo la wastani kuanzia nyuma ya bega hadi kiunoni. Kipimo hiki cha asubuhi ndicho nilichokosa kukifanya na tandiko la kwanza.

Kwa wanaoshindana, wasome kanuni za shirikisho lao kabla ya kununua. Kanuni za shirikisho la michezo ya farasi la Marekani, USEF, kwa mfano, zinaruhusu katika dresaji tandiko la aina ya Kiingereza liwe na kiunzi au lisiwe nacho, mradi lisiwe na pembe ya mbele kama matandiko ya wachunga ng'ombe. Tandiko langu lina umbo la dresaji.

Nani asilinunue? Mpandaji mzito kulinganisha na farasi wake, kwa sababu kukosekana kwa reli ndefu kunamaanisha uzito wake utakuwa na eneo dogo la kushukia. Mpandaji ambaye bado hajapata mizani na hujitupa kitini katika troti. Farasi mwenye mwinuko mkali wa mabega na mgongo uliokonda, ambaye mfereji wa mito laini utamshukia hata pedi ikiwa nzuri. Na mtu anayepanda saa nyingi mfululizo akiwa amesimama juu ya vikuku, kwa maana uzito wa vikuku ndio mtihani ambao matandiko haya huufaulu kwa shida. Mimi napanda dakika arobaini hadi hamsini, siku nne kwa wiki, mara nyingi nikiwa nimekaa, na katika mipaka hiyo tandiko la tatu linanitosheleza. Ningekuwa na farasi mwenye mabega yanayolingana na mgongo usiobadilika, ningemtafutia fundi mzuri wa matandiko anitengenezee lenye kiunzi kipana, wala nisingejuta.

Miezi minane baada ya kulianza, nilirudia ile video ya dakika kumi, uwanja ule ule na mazoezi yale yale. Nilihesabu tabia 3. Mkia bado unapigwa katika badiliko la kwenda kanta, mwendo wa kasi kuliko troti, upande wa kulia, na mdomo hufunguka kidogo katika kusimama, mambo ambayo huenda yanatoka mikononi mwangu kuliko kwenye tandiko. Mabonde ya nyuma ya mabega yamejaa kiasi kwamba mwezi uliopita nilibadilisha upinde wa mbele kwa ulio mpana hatua moja. Bado anageuza kichwa ninapofunga mkanda wa tumbo, ananusa mkono wangu, kisha anarudi kutazama mbele.